Kaa Pembeni Kidogo

Nundu niliyopigwa na jembe kwenye ngoma imeshuka. Jumamosi ilikuwa kama yai la kanga, leo imebaki kama mbegu ya ubuyu, rangi ya zambarau iliyoiva. Ni ugoko wa kulia, ule ule ulioumia mwezi wa tano. Nyusi ilishapona, kwa waliouliza.

Jembe sina ugomvi nalo. Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma, ya watu waliolima pamoja kwa mdundo, na jembe ukilirusha halina upendeleo: likizunguka sawasawa unadaka mpini, likizidisha nusu mzunguko inakuja chuma. Langu lilizidisha.

Kinachonikera ni yule kijana wa mstari wa mbele. Alikuja mbio, akaniinamia, akasema, "Pole mama. Kaa pembeni kidogo."

Nikasema, "Nipo sawa."

"Najua, mama."

Tangu Machi alikuwa ananiita dada. Haya, mama ni mama kweli, Neema ana miaka 12. Lakini hilo nimelimeza. Lililonikaa kooni ni "kidogo." Wifi kajifungua mapacha Jumatano, wakaguzi wameondoka ofisini bila kuzigusa zile vocha, na mimi nipo na "kidogo." Kama alimaanisha muda, basi dakika tano, nipoe nirudi. Kama ni ya adabu tu, ile ya "naomba nipishe kidogo," anayekwambia hana mpango wa kukurudishia nafasi yako. Nimeisema jikoni kwa sauti zote mbili. Baba Neema akauliza naongea na nani. Nikamweleza yote. Akatafuna, akafikiri, akasema, "Mchuzi chumvi imezidi kidogo." Akanywa vikombe viwili vya maji.

Na konda wa Tandika siku ile, kuniona nachechemea: "Mpisheni bimkubwa!" Nikakaa, maana mguu uliuma.

Ni humo kwenye daladala nilipomkumbuka mzee wa ngoma kubwa. Msukuma, mtani wangu. Jembe lilipoangukia ugoko yeye hata mdundo hakukata, alipaza sauti tu: "Mzaramo na jembe wapi na wapi! Mpeni mbuzi akune nazi!" Watu hoi. Nami nikiwa chini, machozi yananitoka, nikamjibu kwamba siku akifa nitaingia kaburini kwake nilale humo, na sitoki mpaka wanawe wanilipe. Akacheka mpaka akapoteza mdundo, ndipo ngoma ikasimama. Ajabu, neno lake lilikuwa baya zaidi na halikunichoma popote. Nilicheka peke yangu pale dirishani, jirani yangu akakumbatia mkoba wake.

Jana usiku nikatoka uani na mpini wa dekio. Neema akahesabu: nimedaka 14 kati ya 20. Mmoja ulimpata kuku wa jirani, hatutalizungumza hilo. Jumamosi nakwenda, na nitasimama nilipokuwa nasimama, mstari wa pili, nyuma ya huyo huyo kijana. Akiniambia pembeni nitamuuliza kidogo ya dakika ngapi.

Ila friji limeanza kugonga. Linagonga mara tatu, linanyamaza, linagonga tena, tangu saa nane usiku, na ndani kuna kuku watatu wa kienyeji wa supu ya mzazi. Fundi anasema Jumatatu.