Milioni Moja na Ushei

"Mama, mbona kaa huyu hana damu?"

Binti yangu kashika gando juu ya sinki, anachungulia maji yanayochuruzika. Nikamwambia anayo, ndiyo hayo maji yenyewe. Hakuniamini. Nazi yangu ikabaki nusu haijakunwa.

Januari 2010, Unguja, miezi ile ya giza, umeme umekatika kisiwa kizima. Jenereta ya maabara ilitosha friji tu, basi tukaitoa hadubini kongwe, ile yenye kioo chini, tukaiweka dirishani ipate jua. Barafu hakuna. Kaa wa mikokoni kutoka Chwaka, aliyetakiwa apoozwe kabla ya kutolewa damu tuhesabu chembe zake, alikuwa macho na hasira zake zote. Na kaa aliyehangaishwa chembe zake za damu hubadilika idadi, hilo nililijua.

"Haraka mwanangu," mzee fundi aliniambia, kamkandamiza kwa kitambaa.

Nikachoma sindano kwenye ngozi laini ya maungio ya mguu wa kuogelea. Damu ya kwanza iliganda bombani, maana nilisahau kutanguliza dawa ya kuizuia. Ya pili ilitoka kama maji ya mchele. Tone lililobaki sahanini likapiga buluu taratibu: yao ina shaba, yetu chuma.

Buluu hiyo imo kwenye majimaji. Chembe zenyewe hazina rangi. Niliziona kama vidoa vya kioo, baadhi zimejaa punje zilizometameta jua likitoka. Nikahesabu miraba minne ya pembeni iliyochorwa kwenye kioo cha kuhesabia, kidole kwenye kaunta ya mkononi, tiki moja kila chembe, tiki, tiki. Mraba wa nne, kishada. Zimekumbatiana kama vifaranga, ndivyo zifanyavyo damu ikitaka kuganda. Saba? Kumi? Wingu likapita. Jua liliporudi kishada kilikuwa kimenenepa, au macho yangu ndiyo yalikuwa yamechoka. Kwa hesabu yetu, tiki moja ilikuwa chembe 5,000 kwa mililita. Tatu za wasiwasi wangu, 15,000.

Nikabofya mara saba. Jumla 212. Nikaandika 1,060,000.

Msimamizi alifurahi, tarakimu ilikaa vizuri na wenzake. Kaa tukamla jioni kwa ndimu, mshumaa mezani.

"Sasa zilikuwa ngapi?" binti yangu anauliza, gando bado mkononi.

"Milioni moja na ushei."

"Ushei ni ngapi?"