Kufuta "Nyumba Hii Haiuzwi"

Wiki ya kwanza

Nyumba ya marehemu mama, Tandika, Dar es Salaam. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Ukutani kwa mbele, kwa rangi nyekundu ya mafuta: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Mama aliandikisha hivyo baada ya mtu asiyemfahamu kuja na futikamba, anapima uwanja, anasema ameshalipa nusu.

Sasa tunauza kweli. Fundi rangi akaniuliza, "Dada, tuanze na hii?" Nikasema ndiyo. Jioni dada mkubwa akapiga simu kutoka Morogoro: "Mdogo wangu, usiguse ule ukuta, karatasi za nyumba hazijakaa sawa. Ukifuta leo, kesho una madalali sita barazani." Nimeacha.

Wiki ya pili na ya tatu

Karatasi tu. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ilishamteua, na muhtasari wa kikao cha ukoo tunao. Ila leseni ya makazi, ile karatasi ya kumiliki kiwanja, bado ina jina la mama, na kodi ya ardhi ina deni la miaka miwili. Tumelipa. Kodi ya jengo haikutusumbua, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Wapangaji wawili tumewapa miezi mitatu, mmoja kanuna.

Wiki ya nne

Chumvi! Ukumbini ukuta umeliwa kuanzia chini hadi usawa wa goti. Rangi imevimba kama andazi. Ukibonyeza inapasuka, unga mweupe unamwagika sakafuni. Walipojenga hawakutandika nailoni juu ya msingi, kwa hiyo unyevu unapanda na tofali pamoja na chumvi yake. Fundi wa kwanza alitaka apake juu kwa juu. Nilimkatalia, wanunuzi wa huku wanakuja na kucha. Wa pili alibandua plasta mpaka tofali likaonekana, akaisugua chumvi kwa brashi ya waya, akaacha ukuta siku kumi ukauke, ndipo akapiga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Gharama yake imekula hela ya geti. Geti litabaki na kutu yake, hamna namna.

Bati: misumari kumi na tisa imebadilishwa. Choo: gari la kunyonya limekuja. Basi.

Wiki ya saba

Leseni imetoka kwa jina la kaka kama msimamizi. Ruhusa ya kufuta.

Tumepiga mkono wa kwanza wa rangi nyeupe ya maji, tukaenda kula. Kurudi, maandishi yamejitokeza upya, safari hii ya waridi: HAIUZWI. Mkono wa pili, vilevile. Jirani, bibi aliyezoeana sana na mama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwenyewe hajakubali huyo." Fundi akasema rangi nyekundu ya mafuta ina tabia ya kupenya ya maji, tungepiga andakoti ya mafuta kwanza. Angesema asubuhi! Tumepiga msasa, andakoti, tukasubiri usiku kucha, kisha mikono miwili tena.

Leo nimeukagua. Mchana hauoni kitu. Asubuhi jua likija kwa ubavu, Z na W bado zinaonekana, zimevimba kidogo chini ya weupe.

Mteja wa kwanza alitaka kuja kesho saa mbili. Nimemwambia dalali amlete saa saba.