Nilivyopima gharama za London na Berlin kwa saa za kazi

Mwezi Machi 2024 mwajiri wangu wa London aliniuliza kama ningekubali kuhamia tawi lake la Berlin, akanipa wiki sita za kufikiri. Tulikuwa watu watatu katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala huko Barking, mashariki mwa London: mimi niliyekuwa nikifanya kazi ya uhasibu, mume wangu aliyekuwa akibeba maboksi ghalani usiku, na binti yetu ambaye angetimiza miaka mitatu mwezi Agosti. Mshahara wangu ulikuwa pauni 42,000 kwa mwaka kabla ya makato, na wa Berlin ungekuwa euro 52,000.

Nilianza kama wanavyoanza watu wengi, kwa kubadilisha fedha moja kuwa nyingine. Kwa bei ya mwaka ule euro 52,000 zilikuwa juu kidogo tu ya nilichokuwa nikipata, na nilipoingiza kiasi hicho katika kikokotoo cha mshahara cha Kijerumani, jibu likanikatisha tamaa: ningetia mkononi kama euro 2,800 kwa mwezi, wakati pauni 2,700 nilizokuwa nikipokea London zilikuwa sawa na euro 3,200. Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba safari haina maana. Nilifungua pia orodha za mtandaoni zinazolinganisha miji, zikaniambia kwamba Berlin ni nafuu kuliko London, lakini kapu linalopimwa humo lilikuwa la mtu asiyefanana nami, anayekula mgahawani, anayelipia ukumbi wa mazoezi, asiyenunua unga wa ugali wala kutuma fedha kwao kila mwisho wa mwezi.

Aliyenionyesha njia ni mama yangu, ambaye ameuza samaki Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa. Nilimpigia Jumapili kama kawaida, nikamwamkia, akaitikia, kisha nikamweleza mkanganyiko wangu wa pauni na euro.

"Mwanangu, fedha hizo mimi sizijui," aliniambia. "Nikienda kununua unga najiuliza nitauza mafungu mangapi ya samaki ndipo niupate. Wewe nambie, kodi ya nyumba hapo ulipo unaifanyia kazi siku ngapi, na huko unakoitwa utaifanyia siku ngapi?"

Kauli hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi kwa wiki zote zilizobaki. Nilichukua daftari, nikakusanya risiti za miezi mitatu, nikapekua taarifa za benki, na kila matumizi nikayaandika kwa saa badala ya pauni. London nilikuwa nikifanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, kwa hiyo saa yangu moja, baada ya makato yote, ilikuwa na thamani ya pauni 16 na senti 60. Kodi ya pango ilikuwa pauni 1,550. Juu yake kulikuwa na kodi ya halmashauri, ambayo Uingereza hulipwa na anayekaa katika nyumba hata kama si yake, pamoja na gesi, umeme na maji, na jumla ikafika pauni 1,860. Nilipogawanya nikapata saa 112. Siku 15 za kazi katika mwezi zilikwenda kwenye paa lile kabla hatujanunua hata chumvi.

Kituo cha kulelea mtoto kilichukua saa 47, na hapo ni kwa siku tatu tu za wiki, kwa pauni 780 kwa mwezi. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikipanua saa za malezi ya bure kwa wazazi wanaofanya kazi, lakini viza zetu zilikuwa na sharti la kutotumia fedha za umma, kwa hiyo mpango ule haukutuhusu. Siku mbili zilizobaki mume wangu ndiye aliyemwangalia mtoto, akirudi kutoka kazini alfajiri na kulala mtoto anapolala. Gharama ya usingizi ule sikuweza kuiandika katika safu yoyote ya daftari, ingawa nilikuwa nikiiona machoni pake kila Ijumaa. Tiketi yangu ya mwezi kutoka Barking, iliyo kanda ya nne, hadi katikati ya jiji ilizidi pauni 200, yaani zaidi ya saa 12. Yeye alipanda basi kwa pauni 1 na senti 75, nauli moja ambayo hukuruhusu kubadilisha mabasi kadiri utakavyo ndani ya saa moja. Kwa hilo naisifu London kwa moyo wote, maana mtu wa kipato cha chini akiwa na subira anaweza kulizunguka jiji zima kwa basi.

Gharama iliyonishtua kuliko zote haikuwa ya kila mwezi. Viza zetu zilikuwa zikiisha Septemba, na anayeomba viza ya kazi ya muda mrefu Uingereza hulipa kwanza ada ya afya kwa miaka yote anayoomba. Kuanzia Februari 2024 ada hiyo ilipanda kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, na kwa mtoto ikawa pauni 776. Kwa miaka mitatu, kwa watu watatu, ilikuwa pauni 8,538, na ada ya viza yenyewe ikiwa mbali. Nilihesabu mara mbili, kisha nikampa mume wangu daftari ahesabu na yeye. Zilikuwa saa 514, zaidi ya miezi mitatu ya kazi yangu, kwa ajili ya matibabu ambayo tayari tulikuwa tukiyachangia kwa kodi ya kila mwezi. Katika orodha zote nilizosoma za kulinganisha miji, gharama hii haikuwamo, ilhali kwa mgeni ndiyo inayoamua.

Kwa upande wa Berlin sikuwa na risiti, kwa hiyo nilimtafuta dada mmoja wa Kitanzania anayeishi mtaa wa Wedding, nikamtumia orodha ya vitu tunavyonunua kweli kwa wiki, naye kwa wema wake akaenda dukani akaniandikia bei moja moja. Yeye ndiye aliyegundua kosa langu la kwanza. Kikokotoo nilikijaza kama mtu asiye na mwenzi, wakati Ujerumani ina madaraja ya kodi ya mapato, na wanandoa ambao mmoja wao hana kipato wanaweza kuchagua daraja la tatu kwa yule anayefanya kazi. Mume wangu asingeanza kazi mara moja kwa sababu ya lugha. Nilipojaza upya, euro 2,800 zikawa karibu 3,100. Kwa wiki ya saa 40 saa yangu moja ikawa na thamani ya euro 18 hivi, na hesabu yangu ya Berlin ikaanza upya.

Bima ya afya ilikuwa imeshakatwa humo ndani, na katika bima ya umma mwenzi asiye na kipato pamoja na watoto huingia kwa mchango wa mfanyakazi mmoja bila nyongeza. Tangu Agosti 2018 Berlin imefuta ada ya chekechea kwa watoto wote, mzazi hubaki kulipa euro 23 za chakula kwa mwezi. Kile kilichonigharimu saa 47 kingenigharimu saa moja na dakika chache. Kulikuwa pia na posho ya mtoto ya euro 250, na tiketi ya mwezi ya euro 49 ya kupanda mabasi, tramu na treni za kawaida nchi nzima.

Nyumba niliyopigia hesabu ilikuwa ya euro 1,350. Wajerumani hutofautisha kodi baridi na kodi moto: ile baridi ni ya kuta peke yake, na ile moto hujumlisha maji, taka na joto la kipupwe, kwa hiyo anayesoma tangazo asipoangalia ni kodi ipi atajidanganya kwa mamia ya euro. Nilizojumlisha mimi zilikuwa moto, nikaongeza umeme na mchango wa redio na televisheni wa euro 18 na senti 36 unaolipwa na kila kaya, zikafika karibu euro 1,430. Saa 79, si 112.

Usiku wa kuamua tuliweka hesabu mbili mezani. London, kwa mishahara yetu miwili, baada ya nyumba, mtoto na nauli, tulibaki na chini kidogo ya pauni 1,500, kama euro 1,750. Berlin, kwa mshahara wangu peke yangu na posho ya mtoto, tungebaki na kama euro 1,800. Kwa maneno mengine, kazi yote ya usiku ya mume wangu ilikuwa ikiishia kwa mwenye nyumba na kituo cha watoto. Aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, akasema, "Basi nitalala usiku." Tukajibu kwamba tunakwenda.

Tulihamia Septemba, na hapo ndipo daftari lilipoonyesha mapengo yake. Nilijua kwamba amana ya Berlin inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu, wakati London sheria ya 2019 imeiweka isizidi wiki tano kwa nyumba kama yetu. Nilijua pia kwamba sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu tatu, na nikafanya hivyo. Ambacho sikukijua ni jiko. Nyumba ya kwanza kuiona ilikuwa Neukölln, hatua chache kutoka mtaa ambao tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro, na kwa kusoma kibao kile nilijisikia kama nimepokewa na ndugu. Tulipofika kwenye chumba cha kupikia hapakuwa na kitu. Ukutani palikuwa na mabomba mawili yaliyozibwa kwa vifuniko vya plastiki, waya tatu zilizofungwa utepe, na alama za mafuta zilizochora umbo la makabati yaliyong'olewa. Dalali akatueleza kwa utulivu kwamba mpangaji huja na jiko lake na huondoka nalo. Nyumba tuliyoipata hatimaye, upande wa Wedding, ilikuwa hivyo hivyo. Kwa wiki tatu tulipika juu ya jiko dogo la umeme lililowekwa sakafuni, hadi tulipouziwa jiko zima, sinki na makabati, kwa euro 900, na familia iliyokuwa ikihama. Nikaandika saa 50 katika safu ambayo sikuwahi kuifikiria.

Chekechea ya bure nayo ina foleni yake. Tuliandika majina sehemu 11, na nafasi ikapatikana Januari 2025. Kwa miezi minne mume wangu alikaa na mtoto, na masomo yake ya Kijerumani yakasubiri. Hakuna fedha iliyotoka mfukoni, lakini kazi yake ilichelewa kwa muda ule ule, na anayepiga hesabu ya Berlin bila kuuweka muda huo atakuwa amehesabu nusu.

Kwa chakula tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Mboga nanunua soko la Waturuki la Maybachufer, Jumanne au Ijumaa jioni wachuuzi wanapokaribia kufunga na kuuza sanduku zima kwa bei ya kilo mbili. Unga mweupe wa mahindi, ambao Barking ulikuwa katika kila duka la Waasia, hapa unatupasa kwenda duka la Waafrika, na kwetu umekuwa karibu mara mbili ya bei ya kule. Sasa ugali tunaula Jumamosi na Jumapili. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, na binti yangu ameifanya kazi hiyo kuwa yake. Hujiinua kwa ncha za vidole, akaisukuma chupa ndani ya tundu la mashine, akasubiri hadi isagwe, kisha huishika risiti kwa mikono miwili hadi tunapofika kwa mtunza fedha.

Mume wangu alipata kazi ya jikoni hotelini Julai 2025, ya mchana. Mshahara wake wa kwanza ulikuja umekatwa vibaya, kwa kuwa mimi nikiwa daraja la tatu yeye alikuwa la tano, ambalo makato yake ni mazito. Tuliomba tuwekwe wote daraja la nne. Wangu ukarudi karibu euro 2,800, wake ukapanda, na saa yangu moja sasa ina thamani ya euro 16 hivi. Nilifungua ukurasa mpya nikaanza kugawanya tena: nyumba saa 89, tiketi saa tatu na nusu kwa sababu mwaka 2025 bei ilikuwa imepanda hadi euro 58, fedha za kutuma Tanga saa 12 na nusu. Za Tanga zilikuwa saa tisa tulipokuwa Barking. Nilimsomea mama kwa simu, naye akaniuliza kama hizo saa zilizoongezeka nimezitoa kwenye chakula cha mtoto. Nikamwambia, "Hapana mama, nimezitoa kwenye kodi ya nyumba."