Cape Town kwa Masikio ya Mwalimu wa Kwaya

Nimefundisha kwaya ya usharika mmoja jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali lililonikera muda wote huo ni moja. Kwaya za Afrika Kusini zilijifunza kuimba kwa do-re-mi ya wamisionari, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi badala ya mistari, kama zilivyojifunza kwaya zetu. Iweje wenzetu watoe waimbaji wa opera, ile tamthilia inayoimbwa, wanaogombewa na majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, ilhali sisi tumeishia kwenye mashindano ya dayosisi? Hata tuni ya Mungu Ibariki Afrika tumeipata kwao, kwa kuwa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Nilipopata likizo na nauli, niliona heri niende Cape Town nikasikilize mwenyewe.

Nilifika alasiri kwa ndege ya kuunganisha kutoka Johannesburg, na barabara ya kuingia mjini ikanipitisha kando ya vitongoji vya Cape Flats, ambako nyumba za mabati zimebanana hadi ukingoni mwa lami. Dereva wa teksi, mzee mwenye maneno mengi, aliniuliza nimefuata nini, na nilipomjibu kwamba nimefuata opera hakushangaa hata kidogo. Alisema shangazi yake alikuwa mshona nguo na aliimba opera za Verdi, mtunzi wa Kiitaliano, kisha akaniagiza nisikanyage ukumbi wowote kabla sijaenda District Six.

Nilimtii. Makumbusho ya District Six yamo ndani ya lililokuwa kanisa la Wamethodisti katika Mtaa wa Buitenkant, na sakafuni imetandazwa ramani kubwa ya mitaa iliyobomolewa, ambayo juu yake wakazi wa zamani wameandika kwa mikono yao majina ya familia pale zilipokuwa nyumba zao. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza kwamba eneo hilo ni la Wazungu peke yao, na zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa, wengi wao wakatupwa kwenye mchanga wa Cape Flats niliokuwa nimetoka kuupita.

Katika mitaa hiyo ndimo kilimozaliwa kikundi cha sanaa cha Eoan, kilichoanzishwa mwaka 1933 na Helen Southern-Holt, mama wa Kiingereza, kwa ajili ya watu ambao serikali iliwaweka katika kundi la machotara. Baadaye mwongoza kwaya wao, Joseph Manca, aliingiwa na wazo ambalo wengi wangeliona la kichaa, na mwaka 1956 kikundi kilipanda jukwaa la City Hall kikaimba La Traviata, opera ya Verdi, nzima, tena kwa Kiitaliano. Wengi wa waimbaji walikuwa watu wa viwandani na vyerehani ambao hawakusoma nota. Walikariri sauti na maneno kwa kusikia, wakifanya mazoezi usiku baada ya kazi. Ili msomaji apime uzito wa jambo hilo, akumbuke kwamba ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Marian Anderson, akiwa na umri wa miaka 57, awe mwimbaji Mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya solo katika Metropolitan Opera ya New York.

Historia ya Eoan ina doa ambalo watu wa Cape Town hawalifichi. Kikundi kilipokea ruzuku ya serikali na kikaimbia hadhira zilizotenganishwa kwa rangi, na kwa sababu hiyo wengi katika jamii yao wenyewe walikisusia na kukiita kibaraka. Nilisimama muda mrefu juu ya ramani ile nikijiuliza mimi ningefanya nini. Sioni kwamba waliosusa walikosea. Wala siwezi kumlaumu mshona nguo aliyejua kwamba akikataa masharti yale hatapata tena jukwaa lingine la kumwimba Violetta, mhusika mkuu wa La Traviata, maishani mwake.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Artscape, jengo zito la zege lililosimama Foreshore, kwenye ardhi iliyofukiwa baharini. Lilifunguliwa mwaka 1971 kwa jina la Nico Malan, likiwa la Wazungu tu, na milango yake haikuwa wazi kwa watu wote hadi mwaka 1975. Ni katika mwaka huohuo wa 1971 ambapo Joseph Gabriels, mwimbaji wa sauti ya tatu (tena) aliyelelewa na Eoan, aliimba Metropolitan Opera; yaani New York ilimpokea jukwaani huku ukumbi mpya wa mji wake ukiwa haumtaki hata kama mnunuzi wa tiketi. Leo Artscape ni makao ya Cape Town Opera, kampuni iliyoundwa mwaka 1999, na kwaya yake, ambayo waimbaji wake wengi ni Waafrika waliotokea kwaya za shule na makanisa, ilitangazwa kuwa kwaya bora ya mwaka katika tuzo za kimataifa za opera za mwaka 2013. Jengo lenyewe halikunivutia. Mimi nilikuja kwa ajili ya madarasa.

Chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Cape Town kilianza mwaka 1910, na kiko Rosebank, chini ya mlima. Kwa hisani ya mwalimu mmoja wa sauti niliruhusiwa kuketi kwenye kona ya chumba chake, mradi nisikohoe. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa kijana mwenye sauti ya nne (besi) nyepesi, Mxhosa kutoka Rasi ya Mashariki, na alikuwa akijifunza wimbo wa Mozart. Alipoweka karatasi zake juu ya kinanda, nilisogeza shingo nikaona kitu nilichokifahamu mno: juu ya mistari ya nota alikuwa ameandika kwa penseli d, m, s, f, na pale wimbo ulipohamia ufunguo mwingine alikuwa ameweka herufi mbili pamoja, ya ufunguo wa zamani na ya ufunguo mpya, kama tunavyofanya sisi tunapohamisha do. Penye fa iliyopandishwa nusu toni alikuwa ameandika fe. Mwalimu hakumwambia afute. Alinieleza baadaye kwamba zamani vijana kama huyu walihesabiwa kuwa hawajui muziki kwa kuwa hawakusoma mistari, ilhali sikio lililokomazwa na do-re-mi hupata masafa kati ya nota mbili haraka kuliko sikio la mtoto aliyefundishwa kubonyeza vitufe vya piano. Kwa hiyo yeye huanzia kwenye herufi, kisha huongeza mistari polepole.

Kazi kubwa ya saa ile haikuwa nota, ilikuwa pumzi. Kwaya humfundisha mtu kuificha sauti yake ndani ya sauti za wenzake, na kijana huyu, kila alipotaka kusikika peke yake, alikaza koo na kuinua mabega. Mwalimu alimwekea kiganja kwenye mbavu za chini, akamtaka aziache zibaki zimepanuka hata anapoishiwa hewa, akamzuia kabisa kuongeza nguvu. Mwimbaji wa opera hana kipaza sauti, na hawezi kuishinda okestra kwa makelele. Anachotafuta ni ule mlio unaong'aa katika masafa ya takriban hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, ambako vyombo vya okestra hupungukiwa na nguvu, ili sauti ya mtu mmoja ipenye juu ya vyombo sitini. Ulipopatikana, kwa sekunde chache tu, kioo cha dirisha kilitetemeka na kijana mwenyewe akacheka kwa mshangao.

Irabu hazikumsumbua. Kixhosa kina irabu tano zilizo wazi, kama Kiswahili, na anayezizoea tangu utotoni huingia kwenye Kiitaliano bila kigugumizi. Kijerumani, pamoja na rundo lake la konsonanti, ndicho humtoa jasho. Mambo yaligeuka saa iliyofuata, binti mmoja wa Kizungu alipoleta kipande cha Princess Magogo kaDinuzulu, opera ya Kizulu ya Mzilikazi Khumalo iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Hapo mwalimu alimwita yule kijana arudi, naye, ambaye lugha yake pia imejaa vidoko, zile sauti za kugongesha ulimi kinywani, akamwonyesha namna ya kukitoa kidoko bila kuukata mkondo wa pumzi. Nadhani Wasandawe na Wahadzabe wa kwetu wangelifaulu somo hilo kwa alama za juu. Ilinipendeza kwamba hakuna aliyelichukulia tukio hilo kama maonyesho ya umoja wa mataifa. Lilikuwa zoezi la ufundi, na mjuzi alikuwa yule aliyejua.

Kilichomuudhi mwalimu ni mawakala wa ng'ambo, ambao alisema wanapomsikia mwimbaji Mwafrika huuliza kwanza kama anaijua Porgy and Bess, opera ambayo warithi wa mtunzi wake, Gershwin, wanataka iimbwe na Weusi. Si kwamba ni kazi mbaya. Ni kwamba inakuwa zizi. Mfano anaowapa wanafunzi wake ni Pretty Yende, binti wa kitongoji cha mji mdogo wa Piet Retief, aliyeisikia opera kwa mara ya kwanza katika tangazo la ndege kwenye televisheni, akafundishwa chuoni hapa na Virginia Davids, akashinda mashindano ya Operalia mwaka 2011, na jina lake likajengwa na kazi za watunzi wa Kiitaliano Rossini, Bellini na Donizetti, muziki mwepesi wa madoido ambao hakuna aliyedhani ungepewa mwimbaji Mzulu. Tarehe 6 Mei 2023 aliimba solo katika kutawazwa kwa Mfalme Charles III.

Jioni nilikwenda kusikiliza wanafunzi katika ukumbi wa Baxter, ambao tangu ulipofunguliwa mwaka 1977 ulipokea watu wa rangi zote. Binti mmoja alipokuwa akimalizia wimbo wa Bellini, akiwa bado ameishikilia nota ya juu kabisa, mama zake na majirani zake waliokuja kwa basi dogo walipiga vigelegele, na bibi mmoja aliyekaa kando yangu akaguna kwamba adabu za opera zinapotea. Nilimwambia kwa heshima kwamba hata Milano, Italia, hadhira hupiga kelele, na huko hawasiti kumzomea mwimbaji aliyeteleza, kwa hiyo anayeshangiliwa mapema kidogo ana bahati. Akajibu kwamba hata Milano husubiri nota iishe, na hapo sikuwa na la kumpinga. Kisha akaniuliza kwetu watu hushangiliaje kwaya, nikamweleza, naye akatikisa kichwa. Tulikuwa bado tunabishana taa zilipozimwa kwa kipindi cha pili.