Siku moja na santrali ya simu, Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Umeme umekatika tangu usiku huku kwetu Katuba, simu yangu iko na 9% na wa kwanza kuipigia ni mama mwenye duka la vipuri vya magari kule mjini. "Papa, telefone inalia mara moja tu kisha inanyamaza, bakiliya (wateja) banasema hatupokei." Nakuja mama, ninywe chai kwanza.

Saa mbili. Santrali yao, yaani mashine inayogawa simu za duka, ni kakompyuta kenye programu ya Asterisk juu ya kabati la mafaili, mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga. Nambari ya duka ikipigwa zinalia simu tatu za mezani pamoja na ya mkononi ya meneja, atakayewahi anaongea. Nauliza meneja yuko wapi, wananiambia Likasi, simu yake imezima. Basi nimeshajua, maana simu ikizima kuna ile sauti ya "acha ujumbe" inapokea papo hapo, na santrali haijui kutofautisha mtu na mashine, inaona imepokelewa inanyamazisha zile tatu. Nikaweka kwamba anayepokea kwenye simu ya mkononi abonyeze 1 kwanza ndipo ihesabike. Dakika kumi.

Sasa hapo hakuna kilichoharibika. Kulia pamoja kunafanya kazi, sanduku la ujumbe linafanya kazi, ukiviweka pamoja vinagombana. Wataalamu wanalijua hilo zamani, 1992 walifanya kikao chao cha kwanza kule Florida, Marekani, kwa ajili ya migongano hii tu. Mimi nilikuwa nimeshapigwa nayo miaka kabla ya kujua kwamba ina wataalamu.

Saa nne. Nimeamua leo naikagua yote maana nimechoka kuamshwa. Huduma tunazotumia ni 11, ukizipanga mbili mbili ni jozi 55, na kila moja na nafsi yake kwenye simu mbili tofauti inakuwa 66. Kuna programu kama SPIN ukiiandikia mfumo inapita hali zote moja moja, mimi niko na daftari. Kwa kila huduma naandika inaamshwa na nini, inafanya nini, na ilimuahidi nani kitu gani. Halafu nauliza, hizi mbili zinaamshwa na tukio moja? Moja inavunja ahadi ya nyingine? Mfano simu ya pili inaingia wakati unaongea: "simu ya kusubiri" inasema bado kuna nafasi, "elekeza nikiwa na shughuli" inasema laini imejaa. Nani mkweli? Inategemea uliyempa kutangulia, usipompa mtu, mashine itajichagulia.

Saa sita bukari na kapenta, umeme umerudi.

Saa saba na nusu. Jozi ya kuzuia na kuelekeza. Nambari 209 ya mlinzi wa usiku imefungwa, haipigi nje. Nambari 214 ya depo iko wazi na imeelekezwa kwa wakala wao Kitwe, Zambia, kwa ajili ya mizigo inayopita mpakani Kasumbalesa. Nafungua kumbukumbu za simu: 209 kwenda 214, saa saba usiku, dakika 38. Nyingine dakika 51! Mlinzi akaitwa kutoka nyumbani, akaja na usingizi wake: "Mimi sikupiga Zambie, nilipiga 214." Na ni kweli kabisa, kizuizi kinaangalia tarakimu ulizobonyeza tu, na 214 ni ya ndani. Kumbe wakala ni shemeji yake.

Kurekebisha si kazi ya mashine hapo. Nikikagua haki za mpigaji mpaka mwisho wa safari, sekretari naye anakwama, na yeye ana sababu ya kumtafuta wakala. Nikamuuliza mama, wewe unataka nani afike Kitwe kwa hela yako? Akafikiri muda mrefu kuliko mimi nilivyoandika. Uamuzi: wateja wa nje wapite kwa haki za 214, wa ndani kila mtu kwa haki zake, sekretari nimfungulie. Mlinzi akae vile.

Saa kumi. Kuelekeza na kuelekeza. 205 kwenda 206, 206 kwenda 205, wote wameenda nyumbani, simu inazunguka. Kwenye SIP, lugha ambayo seva za simu zinapangiana, simu kwa kawaida huanza na hesabu ya 70 na kila seva inayoipitisha inapunguza moja, ikiisha inakatwa, lakini seva inayofungua simu mpya inaweza kuanza kuhesabu upya, kwa hiyo nimeweka kikomo changu.

Saa kumi na mbili jioni nimefika jozi ya 41, niko ndani ya taksi, meneja anapiga kutoka Likasi, simu yake imewaka.

"Papa, kuna mwanamke kila saa ananiambia nibonyeze 1. Ni nani huyo? Mke wangu ameshaanza kuuliza."