Mpira unapochezwa mezani
Jana mdogo wangu anayesoma sheria hapa Lubumbashi alinialika nikaone wanavyofundishwa kutatua ugomvi wa michezo. Nilidhani nitasinzia. Wapi!

Zoezi lenyewe: timu mbili za mtaa zinamgombania mshambuliaji aliyetia sahihi kotekote. Wanafunzi wawili wakajifanya maprezida wa timu, dada mmoja akawa mpatanishi. Kelele zilipopanda akawatenga, kila mmoja chumba chake, akawa anakwenda na kurudi na karatasi mkononi. Akiingia anauliza tu, "Papa, ukimkosa huyu mchezaji, unataka nini?" Kumbe mmoja alitaka arudishiwe pesa ya viatu na ya matibabu ya goti! Prezida huyo alishamchoka mchezaji mwenyewe zamani.

Mwalimu akaeleza kwamba FIFA haitaki kesi za mpira ziende mahakama za kawaida. Ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne, Uswisi, iliyoanza 1984, na kwa kawaida una siku 21 tu za kukata rufaa. Watu wa Mazembe, timu kubwa ya hapa Lubumbashi, wanaujua uchungu wa mezani: mwaka 2011 waliondolewa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kumchezesha mchezaji mmoja asiyestahili, baada ya Simba ya Tanzania kulalamika. (Mimi ni wa Lupopo, wapinzani wao wa hapa mjini, lakini sikucheka sana.)

Kilichonikera: waamuzi wa mechi za mtaani, wale wanaokimbizwa kwa mawe, hakualikwa hata mmoja. Nimemtuma mdogo wangu akawaambie wakubwa wake. Mwenye namba ya mwamuzi yeyote wa Kamalondo au Katuba, aniandikie inbox.