Tungamo Lililopotea Wakati wa 1

Nilipokuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya uzamili, nilimaliza wiki tatu nikisaka kosa ambalo halikuwepo. Programu yangu ilikokotoa mlinganyo ambao Marian Smoluchowski, mwanafizikia wa Poland, aliuandika mwaka 1916 kueleza jinsi chembe zinavyogongana na kushikamana kuwa vishada. Kishada cha chembe 2 kikikutana na cha chembe 3, vyote viwili vinatoweka na kinazaliwa kimoja cha chembe 5; hakuna chembe inayoongezwa wala kuondolewa. Nilianza na chembe moja moja zenye jumla ya tungamo 1, na jumla hiyo ilipaswa kubaki hivyo hadi mwisho.

Kasi ya kuungana ilipokuwa sawa kwa vishada vyote, jumla ilibaki 1. Nilipoifanya kasi hiyo kuwa zao la kuzidisha ukubwa wa vishada viwili vinavyokutana, jumla ilitulia hadi karibu na wakati wa 1, kwa kipimo cha wakati cha mlinganyo wenyewe, kisha ikaanza kushuka. Nililaumu ukomo nilioweka mwenyewe, kwani kila kishada kilichozidi chembe 200 kilitupwa nje ya hesabu. Nikaupandisha hadi 400, kisha 800. Mvujo wa namna hiyo ungesogea mbele kila mara. Huu ulizidi kung'ang'ania pale pale kwenye 1.

Msimamizi wangu hakuitazama programu kabisa. Aliniuliza tu jumla ilikuwa ngapi wakati wa 2.

"Nusu, Mwalimu, au karibu sana na nusu."

"Na wakati wa 4?"

"Robo."

Akacheka. "Kosa la programu halina nidhamu hiyo."

Kisha akaandika ubaoni, kwa chaki iliyokuwa imebaki kipande, kwamba wastani wa ukubwa wa kishada ambamo chembe yoyote imo ni 1 gawanya kwa (1 toa wakati). Wakati ukifika 1, wastani huo hauna kikomo: kinazuka kishada kimoja kikubwa mno, kinachoitwa jeli, ambacho humeza tungamo lakini hakimo kwenye orodha ya vishada vinavyohesabika.

Usiku ule niliruhusu vishada vivunjike. Kuvunjika kulipokuwa hafifu, jeli ilizuka vilevile. Vikubwa vilipovunjika kwa kasi ya kutosha, jumla ya tungamo ilibaki 1. Sura ya tatu, niliyoipanga iwe ya kukagua programu, ikawa ya jeli.